Barua ya wazi kwa Wizara ya Afya na TAMISEMI: Mwenye presha na mwenye kisukari watibiwe zahanati, wasiachwe njiani

Waheshimiwa,

Tunawaandikia sisi madaktari wa familia, matabibu, wauguzi na watumishi wa dirisha la dawa tunaofanya kazi katika zahanati na vituo vya afya vya Tanzania Bara. Barua hii ni kwa Waziri wa Afya, kwa Waziri wa Nchi anayesimamia TAMISEMI, kwa wakuu wa Bohari ya Dawa (MSD) na wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na kwa Wakurugenzi wa Halmashauri pamoja na Waganga Wakuu wao. Tumewataja wote kwa sababu jambo tunaloliomba haliko kwenye meza moja. Kila meza ina kipande chake, na mgonjwa hukwama katikati.

Zahanati zetu zilipangwa kwa ajili ya mgonjwa wa siku moja: mwenye homa, mwenye kuhara, mwenye kidonda. Anakuja, anapimwa, anapewa dozi, anapona. Vitabu vyetu, maombi yetu ya dawa, hesabu zetu za watumishi, hata namna tunavyokaguliwa, vyote vimejengwa juu ya mgonjwa huyo. Lakini benchi la asubuhi limebadilika. Limejaa watu wenye shinikizo la juu la damu na kisukari, ambao hawatapona lakini wanaweza kuishi miaka 30 wakiwa wazima wakipata vidonge vilevile, kila siku, bila kukatika. Utafiti wa STEPS, wa magonjwa yasiyoambukiza na visababishi vyake, uliofanyika nchini mwaka 2012 ulikuta takriban mtu 1 kati ya 4 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana shinikizo la juu, na takriban 1 kati ya 11 ana kisukari. Wengi wao walikuwa hawajui. Watu hao sasa wameongezeka umri, na wanatujia wakiwa na kiharusi, na figo zilizochoka, na miguu iliyooza.

Leo mtu akigundulika kijijini, mara nyingi anaandikiwa aende kliniki ya hospitali ya wilaya, siku moja kwa wiki. Analipa nauli, anashinda kwenye foleni, anapewa dawa za mwezi au anaambiwa akanunue. Mwezi wa pili anakwenda. Mwezi wa tatu mvua imenyesha, au ni msimu wa kulima, au kichwa hakiumi tena na anajiona mzima. Hapo ndipo anapopotea, na hakuna anayejua kwamba amepotea, kwa sababu hakuna kitabu kinachomsubiri arudi.

Nchi hii imeshawahi kulifanya jambo hili kwa ugonjwa mwingine, na ikalifanya vizuri. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004 zilikuwa hospitalini, mikononi mwa madaktari. Baadaye zikashuka vituo vya afya, kisha zahanati, na tabibu na muuguzi wakafundishwa kuzisimamia. Kila mtu ana namba yake, ana kadi ya CTC1 (CTC ni kliniki ya wenye VVU) anayokwenda nayo nyumbani na jalada la CTC2 linalobaki kituoni. Ana tarehe ya kurudi, na asipotokea anatafutwa. Aliyetulia anapewa dawa za miezi mitatu au sita. Mfumo ni huo, watumishi ni walewale, na jengo ni lilelile. Chumba cha pili, mwenye presha anaandikiwa kwenye daftari la shule ambalo kurasa zake zimeshachanika, na akilipoteza historia yake yote imepotea. Tunaomba mwenye presha na mwenye kisukari wapewe kile ambacho mwenye VVU amekwishapewa. Na kwa kuwa watu wengi wa CTC wamefikisha miaka 50 na 60 na wanapata presha pia, na misaada ya Marekani iliyosimamishwa ghafla Januari 2025 imetuonyesha hatari ya kliniki inayosimama kwa fedha za mradi, ni wakati wa kuwa na kliniki moja ya magonjwa ya muda mrefu, ndani ya bajeti ya serikali.

Tuanze na kipimo, maana kosa la hapa linaharibu yote yanayofuata. Mtu ametembea kilomita 6 juani. Anaingia, anakaa kwenye benchi lisilo na egemeo, mkanda wa mashine unafungwa juu ya shati, anaulizwa maswali huku mkanda unajaa upepo, na namba ya kwanza inayotokea ndiyo inayoandikwa: 158/96. Kwa namba hiyo anaanzishiwa dawa ya maisha ambayo pengine haihitaji. Mwingine anapimwa mara moja, anakutwa na 138, anaambiwa yuko salama.

Kipimo sahihi hakihitaji daktari bingwa. Mgonjwa aende haja ndogo kwanza, maana kibofu kilichojaa hupandisha presha. Awe hajavuta sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla. Akae dakika 5 kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili chini, bila kukunja nne. Mkono uwe mtupu, umelala mezani usawa wa moyo, mkanda ukae sentimita 2 hadi 3 juu ya kikunjo cha kiwiko. Asiongee, na anayepima asimuongeleshe. Apimwe mara mbili, dakika 1 katikati. Vipimo vikipishana zaidi ya 10, apimwe mara ya tatu, na uchukuliwe wastani wa viwili vya mwisho. Ikiwa ni 140/90 au zaidi, arudi siku nyingine kuthibitishwa kabla ya kuitwa mgonjwa, isipokuwa amefika 180/110 au ana dalili za moyo, ubongo au figo kuathirika.

Mashine zenyewe zina matatizo mawili ambayo tunayaona kila mahali. La kwanza ni mkanda. Mkanda wa kawaida ni wa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Mkono mnene unahitaji mkanda mkubwa, wa 32 hadi 42. Zahanati nyingi zina mkanda mmoja tu, na mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ukweli. Kina mama wengi wanene wanameza dawa kwa sababu ya mkanda. La pili ni betri. Mashine ya kidijitali inakula betri nne ndogo, na kwa kuwa hazina mstari wake kwenye mpango wa kituo, zikiisha mashine inawekwa kabatini na kuhesabiwa kuwa ipo. Tunaomba orodha ya vifaa vya lazima vya zahanati iseme wazi: mashine mbili za kidijitali zilizothibitishwa usahihi wake, mikanda ya saizi mbili kwa kila moja, betri za kuchaji au adapta ya umeme wa jua, utepe wa kupimia mkono, na kiti chenye egemeo. Kiti ndicho cha bei ndogo kuliko vyote, na ndicho kinachokosekana mara nyingi.

Baada ya kipimo ni dawa. Hapa tunaomba karatasi moja ya hatua, ibandikwe kwenye kila chumba cha tabibu, inayofuata HEARTS, utaratibu wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu presha na kulinda moyo, na kuoanishwa na Mwongozo wa Taifa wa Matibabu. Kwa mtu mzima asiye mjamzito, mfano wake ni huu: anza amlodipini miligramu 5 mara moja kwa siku, arudi baada ya wiki 4, kama bado iko 140/90 au zaidi, ipande hadi 10, baada ya mwezi mwingine ongeza losatani 50, kisha ongeza kidonge cha kukojoza cha kundi la thiazaidi kwa dozi ndogo, ikigoma hapo, rufaa. Faida ya karatasi kama hii ni kwamba tabibu wa zahanati hana haja ya kukisia, na kwamba anayeagiza dawa anajua mapema atahitaji nini. Leo zahanati moja inaweza kuwa na wagonjwa 40 wanaotumia mchanganyiko wa aina 12, kila mmoja akiwa ameandikiwa mahali tofauti. Hakuna stoo inayoweza kufuata hilo.

Kwenye karatasi hiyo yaandikwe pia makosa yanayojirudia, kwa maneno ya wazi. Amlodipini huvimbisha vifundo vya miguu kwa baadhi ya watu. Uvimbe huo hautibiwi kwa furosemaidi, dawa ya kukojoza, na furosemaidi peke yake si dawa ya kawaida ya presha ingawa inauzwa hivyo kwenye maduka ya dawa muhimu. Losatani, kaptopuli na enalaprili hazipewi mjamzito wala anayetafuta ujauzito. Huyo aende kwa methildopa na aunganishwe na kliniki ya mama na mtoto. Diklofenaki na ibuprofeni hupandisha presha na kuumiza figo, na ndizo dawa wanazopewa wazee wetu kwa maumivu ya magoti, mara nyingi siku ileile na dirisha lilelile walilochukulia dawa ya presha. Na mtu aliyekutwa na 190/110 bila dalili yoyote asiwekewe nifedipini chini ya ulimi ili namba ishuke kabla hajaondoka: kushusha ghafla kunaweza kumletea kiharusi kilekile tunachokikwepa. Aanzishiwe vidonge na arudi ndani ya wiki. Mwenye kifua kinachobana, kupumua kwa shida, kuchanganyikiwa au mkono uliolegea, huyo ndiye wa gari la wagonjwa.

Tunaongeza jambo moja la mazungumzo. Kabla ya kupandisha dozi, aulizwe kwa upole kama vidonge vinamezwa, na kama kuna dawa ya asili anayotumia. Akiulizwa kwa ukali atasema anameza zote. Wengi huacha kwa sababu waliambiwa au walielewa kwamba dozi ikiisha wamepona, kama ilivyo kwa malaria, na sentensi tatu za mtumishi aliyetulia zinatosha kuliweka sawa.

Sasa tufike kwenye stoo, ambako ndiko kliniki nyingi zinakofia. Zahanati huagiza dawa MSD kwa kuangalia matumizi ya nyuma. Kanuni hiyo inamfaa mgonjwa wa homa. Kwa mgonjwa wa muda mrefu ina mtego. Chukueni mzunguko wa siku 90. Zahanati ilitoa vidonge 3,000 vya amlodipini, lakini dawa iliisha ikakosekana siku 45. Anayejaza fomu akiandika matumizi 3,000, mzunguko ujao ataletewa 3,000, itaisha tena katikati, na kadiri wagonjwa wanavyokata tamaa na kuacha kuja ndivyo matumizi yanavyoonekana kushuka. Mwisho wake kituo kinaonekana hakina wagonjwa. Hesabu sahihi ni kugawa vidonge vilivyotoka kwa siku ambazo dawa ilikuwepo, kisha kuzidisha kwa siku za mzunguko: 3,000 kugawa kwa 45, mara 90, yaani 6,000. Fomu ina nafasi ya siku za kukosekana kwa dawa. Mara nyingi inaachwa wazi, na hakuna anayeirudisha.

Bora zaidi ni kuagiza kwa vichwa. Kama kliniki ina watu 100, 60 wanameza kidonge kimoja cha miligramu 5 na 40 wanameza viwili, kwa mwezi ni vidonge 1,800 na 2,400, jumla 4,200. Kwa miezi mitatu ni 12,600, ongeza akiba ya mwezi mmoja na wastani wa wagonjwa wapya. Muuguzi mwenye rejesta anaweza kuipiga hesabu hii kwa dakika chache. Tunaiomba MSD ikubali maombi ya dawa za magonjwa ya muda mrefu kwa hesabu ya waliosajiliwa, na mfumo wa kielektroniki wa maombi uwekewe sehemu hiyo.

MSD ikikosa, upo mfumo wa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa kuviuzia vituo dawa ambazo MSD haina, ulioanza majaribio Dodoma mwaka 2014 na baadaye kuenea nchi nzima. Ni mfumo mzuri. Unapokwama ni kwenye fedha na saini. Mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa kituo, anasubiri taarifa rasmi ya kwamba MSD haina, kisha idhini, kisha mshitiri, na wakati huo fedha za kituo ni ndogo kwa sababu wagonjwa wengi wa presha ni wazee wenye msamaha ambao kituo hakirudishiwi chochote kwa ajili yao. Mgonjwa anapewa karatasi akanunue. Tunaomba dawa za presha na kisukari ziwe na idhini ya kudumu ya kununuliwa kwa mshitiri pindi akiba ikishuka chini ya mwezi mmoja, bila kusubiri iishe.

Uhaba huzaa tabia nyingine tunayotaka ikome: kugawana kidogo kidogo. Dawa ikiwa chache, dirishani kila mtu anapewa vidonge 14 ili wote wapate. Inaonekana ni huruma. Matokeo yake ni kwamba kila mtu anatakiwa kurudi mara mbili kwa mwezi, foleni inakuwa mara mbili, nauli mara mbili, na wa mbali ndio wanaoacha kwanza. Pigeni hesabu ya kinyume chake. Kliniki ya watu 200 wanaokuja kila mwezi ina mahudhurio 200. Kama 140 kati yao wametulia na wanapewa dawa za miezi mitatu, kwa mwezi watakuja takriban 47, na 60 waliobaki watakuja kila mwezi: jumla kama 107. Nusu ya foleni imeondoka bila kuajiri mtu hata mmoja, na tabibu amepata muda wa kumpima vizuri aliyebaki.

Kuhusu kumbukumbu, Kitabu Namba 5 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za afya, kinahesabu wagonjwa wa nje wanaohudhuria. Hakiwezi kutuambia ni nani hakuja. Kituo kinaweza kuripoti mahudhurio 180 ya presha kwa robo mwaka na kupongezwa, wakati hali yenyewe iko hivi: waliosajiliwa Januari hadi Machi ni 60, kufikia Julai hadi Septemba, 24 presha yao iko chini ya 140/90, 16 bado iko juu, na 20 hawajaonekana. Hizo namba tatu ndizo zinazosema kama tunatibu. Asilimia 40 wamedhibitiwa, na theluthi wamepotea. Kwa mfano huo mganga mfawidhi anajua Jumatatu afanye nini: awatafute 20, na awapandishie dozi 16. Tunaomba rejesta ya waliosajiliwa, kadi mbili kama za CTC, moja ya nyumbani na moja ya kituoni, na kiashiria kimoja tu kwenye ripoti ya robo mwaka. Kadi za kituoni zipangwe kwenye kisanduku kwa mwezi wa kurudi. Mwezi ukiisha, kadi zilizobaki kwenye nafasi yake ndizo za watoro. Hata umeme ukikatika kisanduku kinafanya kazi, na vituo vyenye GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali wa kuendesha vituo, viingize taarifa hizohizo mara moja, mtumishi asiandike jambo lilelile kwenye vitabu vitatu.

Kisukari kinahitaji hayo yote na zaidi kidogo. Mashine za sukari zimegawiwa mara nyingi na wafadhili mbalimbali, kila aina na stripu zake, na stripu za aina moja haziingii kwenye nyingine. Halmashauri ichague aina moja kwa vituo vyake vyote, inunue stripu kwa mkataba wa mwaka, na mashine zisizo na stripu ziondolewe kwenye orodha ya vifaa vilivyopo. Wanaopimwa sukari kabla ya kula wapewe nafasi ya kwanza kituo kinapofunguliwa saa 1 na nusu asubuhi. Wengi humeza glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, nyumbani, wakaja na njaa, wakakaa kwenye foleni hadi saa 5, na sukari ikashuka wakiwa benchini: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Waambiwe kidonge hicho wasimeze kabla ya kipimo na chakula, na pale foleni ilipo pawe na sukari na maji. Vijiko vidogo 3 hadi 4 kwenye glasi, kisha kupima tena baada ya dakika 15. Kwa wazee na wenye figo dhaifu tunaomba gliklazaidi iwepo badala ya glibenklamaidi. Na kabla ya Ramadhani, vituo vya Tanga, Pwani, Lindi, Mtwara na kwingineko viwe na siku maalumu ya kupanga upya muda wa dawa kwa wanaokusudia kufunga, na kuwaambia wazi wale ambao kufunga ni hatari kwao.

Insulini ndiyo inayotuumiza zaidi. Mtoto au kijana mwenye kisukari cha aina ya kwanza hawezi kuishi bila hiyo, na chupa ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Zahanati ina friji ya chanjo inayofanya kazi, lakini mara nyingi mtumishi anaogopa kuweka humo kitu kisicho chanjo, na ana haki ya kuogopa kwa sababu atakaguliwa. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wameshakubali kwamba dawa nyingine zinazohitaji ubaridi zinaweza kutunzwa kwenye friji hizo zikitengwa na kuwekewa alama. Tunaomba waraka wa ukurasa mmoja: boksi lenye kifuniko na maandishi INSULINI, mbali na sehemu inayogandisha, maana insulini iliyoganda hata ikiyeyuka imeharibika na hutupwa. Waraka huo hauna gharama. Unaweza kusainiwa wiki hii.

Na miguu. Kila mwenye kisukari avuliwe viatu angalau mara moja kwa mwaka, aangaliwe katikati ya vidole, aguswe kwa uzi wa gramu 10 nyayoni kupima hisia, na mkojo wake upimwe protini. Dakika 4. Hazifanyiki kwa sababu hazimo kwenye fomu yoyote.

Tukija kwa watu: ikama ya mwaka 2014, yaani idadi ya watumishi inayotakiwa, iliitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15. Vijijini hilo linabaki kwenye karatasi. Tabibu mmoja akienda semina, kliniki imefungwa. Tunaomba ajira, ndiyo, lakini hata kwa tulionao kazi inaweza kugawanywa vizuri zaidi ikiwa kuna maandishi yanayomlinda mtumishi. Muuguzi aruhusiwe rasmi kumpima aliyetulia na kumpa dawa zilezile za miezi mitatu. Tabibu aanzishe dawa na kupandisha dozi. Daktari wa familia awe na vituo vyake, tuseme vitano au sita kuzunguka hospitali ya wilaya, afike kila kimoja mara moja kwa mwezi kwa tarehe inayojulikana, akae na tabibu, waangalie kadi za wale ambao presha yao imegoma kushuka, wenye figo, wajawazito, na vijana wa insulini. Siku nyingine apatikane kwa simu. Kambi za madaktari bingwa wanaokuja halmashauri kwa siku kadhaa zinafanya kazi kubwa kwa upasuaji na kesi zilizokwama, tunazishukuru. Presha inahitaji mtu atakayekuwepo mwezi ujao. Chuo Kikuu cha Aga Khan, Dar es Salaam, kinafundisha ubingwa wa udaktari wa familia. Jirani zetu Kenya walianza kuwafundisha Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2005, na sheria yao ya afya ya msingi ya 2023 imeweka mitandao inayounganisha hospitali na vituo vidogo vinavyoizunguka. Tunaomba ikama ya halmashauri ionyeshe nafasi ya daktari wa familia, na vyuo vyetu vya umma vifungue masomo hayo. Bila nafasi kwenye ikama hakuna kijana atakayesomea ubingwa usio na ajira.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao uliozinduliwa Januari 2024 unalenga kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000, wapewe kazi iliyo wazi: kila mwisho wa mwezi wapokee majina ya watoro wa kitongoji chao, wawatembelee, warudishe jibu. Amehama, amefariki, amekosa nauli, ameacha kwa hiari. Tunaomba sana wasitumwe kwanza kupima watu nyumba kwa nyumba. Vivyo hivyo kwa upimaji wa viwanjani kila Novemba, wakati wa wiki ya magonjwa yasiyoambukiza. Kumwambia mtu ana presha, kisha kumwacha bila dawa wala tarehe ya kurudi, ni kumpa hofu tu. Dawa ziwepo stoo kwanza, rejesta iwe imefunguliwa, ndipo tuite watu.

Suala la bima ni fupi lakini lina uzito. Mwongozo wa matibabu hupangia kila dawa ngazi kwa herufi, A ikiwa ya zahanati. Dawa ikiwa na herufi ya juu kuliko ngazi ya kituo, dai linakatwa na kituo kinapata hasara, kwa hiyo mfawidhi anaacha kuiweka. Tunaomba dawa zote za ile karatasi ya hatua, pamoja na metformini, gliklazaidi na insulini kwa mgonjwa aliyekwisha kuanzishiwa kwenye kituo cha ngazi ya juu, ziwe A katika kila toleo, na orodha ya bima isipingane na mwongozo. Kitita cha Bima ya Afya kwa Wote chini ya sheria ya 2023 kiseme kwamba dawa za miezi mitatu zinalipwa kwa mara moja. Mfuko ukilipa kwa hudhurio, kituo kitavutwa kumrudisha mgonjwa kila mwezi. Ukilipa kwa mwezi wa dawa aliyopata, mvuto huo unaondoka. Na kwa wazee wenye msamaha, kituo kirudishiwe gharama ya dawa, vinginevyo msamaha unabaki kuwa wa kumwona tabibu tu.

Tungependa utekelezaji uanze mdogo: halmashauri moja kwa kila kanda, zahanati 10 na kituo cha afya kimoja, kwa miezi 12. Kila robo mwaka zichapishwe namba tatu tulizozitaja, waliodhibitiwa, wasiodhibitiwa na waliopotea, pamoja na siku ambazo amlodipini na metformini zilikosekana. Zikichapishwa kwa jina la kituo, wananchi na kamati za vituo watauliza maswali wenyewe. Mwaka wa fedha unaanza Julai Mosi na mipango ya vituo huandaliwa miezi kadhaa kabla, hivyo mstari wa betri, stripu, kadi na viti lazima uwe kwenye mwongozo wa bajeti kabla mipango haijafungwa. Waraka wa friji, idhini ya mshitiri na ruhusa ya muuguzi havihitaji bajeti, na kwa hayo matatu tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30.

Wenu katika kazi,

Madaktari wa familia, matabibu, wauguzi na watumishi wa dawa wa zahanati na vituo vya afya